Kilomita 10 za Bagamoyo–Kaole zinanitoa roho kuliko 20 za Arusha, tatizo nini?

#1 Raba_Mbovu
Wakuu salama? Naombeni msaada, mwenzenu nimeaibika ukweni.

Mi mkazi wa Arusha, nakimbia mwaka wa nne huu, Jumamosi kilomita 20 kwangu kawaida tu, vilima vya Njiro napanda nashuka narudi napiga chai na siku inaendelea. Sasa wakwe zangu wako Bagamoyo na kila tukishuka huko naamka kabla ya jua nakimbia mpaka magofu ya Kaole na kurudi. Naanzia Misheni pale kwenye njia ya miembe, nateremka mpaka kwenye msalaba ufukweni, nakunja kulia naingia mtaa wa India, yale majumba ya kale yenye milango ya nakshi, Boma la Mjerumani, Ngome Kongwe, TaSUBa kile chuo cha sanaa, alafu nashika barabara ya Kaole minazi huku minazi huku, bahari iko kushoto unaisikia ila huioni vizuri. Kwa uzuri wa njia sijaona mfano wake, na nimeshakimbia Moshi, Lushoto mpaka Karatu.

Ila sasa kuchoka! Barabara tambarare kama meza, hakuna kilima, ni kilomita 10 tu kwenda na kurudi, lakini nikifika kwenye ule mbuyu wa Kaole naona nyota. Juzi nimerudi na bodaboda. Baba mkwe kaniona nashuka kwenye boda na raba mkononi hakusema kitu, kacheka tu akaendelea na kahawa yake.

Pwani kuna nini jamani?

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimekaa hapa na kashata zangu.

#3 Bint_Dunda
Pole shemeji yetu. Jibu fupi ni fukuto, we umezoea hewa kavu ya Arusha. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, sasa huku kwetu hewa imeshajaa maji jasho litaenda wapi? linatiririka tu mpaka kwenye soksi. Mwili unazidi kuchemka, moyo unakimbia kuliko miguu.

Na kosa mnalofanya wageni mnadhani alfajiri kwa kuwa kuna kaubaridi basi ndo salama. Alfajiri ndo unyevu unakuwa juu kabisa, jua likipanda unapungua. Kwaiyo unachagua mwenyewe ufe kwa jua au ufe kwa mvuke.

#4 Mpagazi_Mstaafu
Dada hapo #3 yuko sahihi ila mi naona sababu nyingine kabisa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Jamaa akishuka pwani anakuta oksijeni bwerere anajisikia mwepesi, anaondoka kwa kasi ya mwizi bila kujijua. Kilomita tatu za kwanza anaruka kama swala, ya nne deni linadaiwa. Mkuu hebu kimbia na saa uone, nna uhakika unaanza haraka kuliko unavyoanza Njiro.

#5 Raba_Mbovu
Saa ya mazoezi sina mkuu #4, ile niliyonunua dukani kwa mtu fulani ilikufa siku ya tatu. Natumia simu nikiwa Arusha, Bagamoyo siibebi, nimeambiwa nisipite na simu ile njia peke yangu.

#6 Mzee_wa_Ngalawa
Uliyeambiwa hivyo umeambiwa vizuri. Barabarani hakuna neno, watu wapo. Ufukweni kati ya mjini na Kaole ndo usipite peke yako na vitu vya thamani, vibaka wanajua wageni wanapenda kutembea pale. Mkiwa kundi hakuna shida.

#7 Tepu_ya_Fundi
Subirini kidogo. Mleta uzi anasema kilomita 10 na anasema anaanzia Misheni. Kaole ni kama kilomita 5 kutoka MJINI. Misheni iko kaskazini ya mji, na yeye anateremka kwanza mpaka msalabani ndo anarudi mtaa wa India. Mkuu hiyo sio 10, haifanani na 10 hata ukiipima kwa kamba mbovu. Unakimbia 13 huko unaita 10 alafu unauliza tatizo nini.

#8 Raba_Mbovu
Duh.

#9 Raba_Mbovu
Ila hata kama ni 13 bado 20 ni kubwa kuliko 13, au hesabu zimebadilishwa?

#10 Kiti_cha_Mbele
😂😂 #8 na #9 nimezipenda. Jamaa kaenda kunywa maji karudi na hoja.

#11 Mwl_Kumbukumbu
Uzi mzuri. Mi mchango wangu ni wa njia yenyewe maana mnaikimbia hamuijui. Huo msalaba unaoupita ni kumbukumbu ya mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika 1868. Njia ya miembe walipanda wao miaka michache baadae. Ngome Kongwe ilijengwa 1860 na mfanyabiashara wa Kiarabu, Abdallah Suleiman Marhabi, Wajerumani waliikuta pale. Boma ndo la Wajerumani wenyewe, 1897, na cha kushangaza walilijenga wakati makao makuu yameshahamia Dar es Salaam tangu 1891. Kwaiyo ukitoka Misheni mpaka Kaole unakimbia kurudi nyuma, unaanza na karne ya 19 unamalizia karne ya 13.

Na pale Misheni ndo alipozikwa Livingstone baada ya kubebwa kutoka Zambia.

#12 Bint_Dunda
Mwalimu hapo mwisho umeteleza. Hakuzikwa Bagamoyo. Mwili ulilala usiku mmoja tu pale kwenye mnara wa kanisa la zamani, Februari 1874, ukavushwa Zanzibar ukaenda Uingereza, kazikwa Westminster Abbey mwezi wa nne mwaka huohuo. Moyo ndo ulizikwa chini ya mti huko kwa Chitambo, Zambia.

#13 Mwl_Kumbukumbu
Nimekubali, asante kwa masahihisho. Nilitaka kuandika "alipolazwa" vidole vikaenda kwingine.

#14 Mpagazi_Mstaafu
Hapo mmenigusa. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walibeba mwili wake miezi tisa hivi, kwa mguu, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, kuna vita njiani kuna homa. Bagamoyo ndo ilikuwa mstari wao wa kumalizia. Na hao mapadri wanapigiwa picha ile minara, Chuma na Susi hata mashindano ya kijiji hayana jina lao. Na wapagazi wa Kinyamwezi nao, frasila mbili za pembe begani, zaidi ya kilo thelathini, kutoka Tabora mpaka pwani, pekupeku! Sisi huku tunalia kilomita 13 na raba ya laki mbili.

#15 Raba_Mbovu
Yangu ya elfu arobaini na tano mkuu, mtumba wa soko la Kilombero.

#16 Mchaga_Mkavu
Na ndo maana jina lenyewe ni bwaga moyo. Wapagazi wakifika wanabwaga mizigo moyo unatulia. Mleta uzi mwili wako unatii jina la mji tu hahaha

#17 Mpwani_Halisi
Hiyo ya wapagazi ni tafsiri moja. Nyingine ni ya watumwa, wakiiona bahari wanajua hakuna kurudi, wanabwaga moyo, ubaki huku wakati mwili unavushwa. Wazee wangu wanasema ya kwanza, vitabuni nimekuta ya pili imevuma zaidi. Tusilete ubishi wa miaka mia humu, turudi kwenye miguu.

#18 Dereva_wa_Vumbi
Mi naendesha boda njia hiyo. Inawezekana ndo mimi niliyekubeba 😂 jamaa mrefu fulana ya njano? Ulikuwa unanuka sigara... natania, ulikuwa unanuka chumvi. Kitu ninachokiona mimi kila siku ni upepo. Miezi ya kusi, kuanzia wa tano mpaka wa tisa hivi, upepo unatoka kusini, na Kaole iko kusini. Unaenda unapigwa kifuani, mpaka pikipiki inahisi, tena mafuta yanaisha haraka. Kurudi unasukumwa. Kaskazi inageuka, kwenda raha kurudi unakiona. We ulikuja mwezi gani?

#19 Raba_Mbovu
Hahaha ni mimi kweli, nakudai chenji ya mia tano. Nilikuja Desemba mwishoni.

#20 Dereva_wa_Vumbi
Basi hiyo kaskazi, ulitakiwa uchoke wakati wa kurudi sio wakati wa kwenda. Nadharia yangu imekufa. Chenji nilikuambia sina ukasema acha.

#21 Mzee_wa_Ngalawa
Haijafa kijana. Asubuhi mapema pwani kuna umande, upepo wa kutoka bara kwenda baharini. Kaskazi yenyewe inashika baadae jua likipanda. Akiondoka saa kumi na mbili hakuna cha kumsukuma wala kumpepea, kumetulia kabisa, maji kama mafuta. Ndo ile Bint Dunda anasema, fukuto bila upepo. Sisi baharini hali hiyo hatuipendi, tanga linalala.

#22 Nesi_Mkimbiaji
Habari wapendwa. Kitaaluma naunga mkono #3 na kidogo #4, ila mmesahau kitu kimoja, kuzoea. Mwili wa mtu wa bara unahitaji kama siku 10 mpaka 14 kwenye joto ndo ujifunze kutoa jasho mapema na kuongeza maji ya damu. Mleta uzi anakuja siku nne anaondoka, kila safari anaanza upya darasa la kwanza. Kwaiyo sio dhaifu, hajamaliza muhula.

Pili chumvi. Jasho la pwani linaweza kufika lita moja kwa saa na zaidi, na linaondoka na chumvi. Ukirudi ukanywa maji matupu lita mbili unazidi kuipunguza ile iliyobaki, kichwa kinauma unahisi kichefuchefu, ukizidisha sana ni hatari kabisa.

#23 Mpwani_Halisi
Dawa dafu. Wauza madafu wapo. Madafu mawili unafufuka.

#24 Nesi_Mkimbiaji
Dafu zuri lakini lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo. Lisindikize na kitu cha chumvi, mihogo ya kuchoma na kachumbari inatosha.

#25 Kiti_cha_Mbele
Nesi hapo umeandika dawa ambayo kila mtu ataimaliza dozi.

#26 Mchaga_Mkavu
Naomba kupingana na hii dini ya "mtu wa bara hawezi joto". Alphonce Simbu mtu wa Singida, mazoezi yake Arusha, kaenda Tokyo 2025 kwenye mashindano ya dunia, hali ya hewa ni joto na unyevu vilevile, kachukua dhahabu ya marathoni, 2:09:48, kamshinda Mjerumani kwa sekunde tatu. Na 2017 alishinda Mumbai, mji wa pwani. Kwaiyo tatizo sio bara tatizo ni Raba_Mbovu.

#27 Tepu_ya_Fundi
Sio sekunde tatu mkuu. Ni sehemu TATU ZA MIA za sekunde moja. Simbu na huyo Mjerumani, Petros, wameandikiwa muda uleule 2:09:48, ilibidi waangalie picha. Tuheshimu vipimo.

#28 Mchaga_Mkavu
Tepu we ukienda msibani unapima kaburi?

#29 Tepu_ya_Fundi
Nikiombwa.

#30 Dada_Kanga
Mi nakimbia hiyo njia mara mbili kwa wiki na sababu ninayoijua hakuna aliyeitaja. SALAMU. Mleta uzi ni mkwe wa watu, mji mdogo. Kutoka mtaa wa India mpaka unaiacha TaSUBa umeshakutana na wazee kumi na tano barazani. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, habari za nyumbani, mama hajambo, watoto, na unakimbia nini kwani kuna nini huko? nani anakufukuza? Usipojibu umekosa adabu, na habari itafika kwa baba mkwe kabla yako. Ukijibu pumzi yote imeishia kwenye marahaba. Arusha unakimbia kilomita 20 hakuna anayekujua, pumzi yote yako.

#31 Raba_Mbovu
Dada Kanga umesema ukweli mpaka nimeona aibu. Kuna mzee mmoja karibu na Ngome ananisimamisha kabisa ananiuliza mvua huko kwenu imenyesha? Nasimama dakika mbili tatu, misuli inapoa, nikianza tena kama gari la kusukuma.

#32 Dada_Kanga
Mimi nimejifunza nainua mkono kifuani nasema "shikamoo wazee wote" kwa mkupuo, nawasalimia baraza zima moja kwa moja. Wameshanizoea. Mwanzoni ilikuwa shida, mwanamke anakimbia asubuhi na suruali ya kubana, maneno. Nikaanza kufunga kanga kiunoni mpaka nipite mji, nikifika kwenye minazi naifungua naizungusha shingoni inakuwa taulo. Sasa hivi wasichana watatu wa mtaani wananifuata. Ramadhani tunatoka saa kumi na mbili kasoro jioni, nusu saa tu polepole, tunarudi na adhana tufuturu.

#33 Nesi_Mkimbiaji
Safi sana dada, nitawatafuta nikija.

#34 Shela_Boy
Mambo wadau, salamu kutoka Lamu. Hii uzi imenikumbusha kwetu. Huku hakuna magari, sisi barabara yetu ni ufuo. Mji wa Lamu mpaka Shela ni kilomita tatu hivi, ukimaliza Shela kuna mchanga mtupu kama kilomita kumi na mbili, we na vilima vya mchanga na bahari tu. Lakini lazima ujue maji. Maji yakipwa unapata mchanga mgumu umelowa, mguu hauzami, ni kama lami laini. Yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga mkavu, kilomita moja huko ni sawa na tatu. Nauliza tu, jamaa wa Arusha si anakimbia barabarani? Mbona asijaribu ufuo?

Na huku punda wana haki ya njia bana, usidhani atakupisha.

#35 Mzee_wa_Ngalawa
Lamu umesema la maana. Sasa nawapa hesabu ya maji kama tunavyoijua wavuvi, hii hamtaiona kwenye simu. Mwezi ukiandama na mwezi mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana yanapwa sana. Siku hizo huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, yanapwa kama saa nne asubuhi. Kwaiyo siku ya bamvua ukitaka ule mchanga mgumu mpana utaupata jua likiwa limeshakuchoma utosi. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini. Hesabu nyuma, utaona mwezi kumi au mwezi ishirini na tano hivi, yaani siku za mwezi wa kuandama sio za kalenda, ndo maji yanapwa alfajiri saa kumi na mbili, panda au shuka siku moja. Siku hizo ndo za mkimbiaji. Ila hayapwi mbali kama bamvua, yanakuacha na ukanda mwembamba.

#36 Raba_Mbovu
Mzee hii nimeipiga picha. Kumbe nilivyojaribu ufukweni mwaka juzi nikaloa mpaka magotini ilikuwa siku mbaya tu.

#37 Mpagazi_Mstaafu
Ufuo una ubaya wake. Umelala upande. Ukienda Kaole mguu wa kushoto uko chini upande wa maji, wa kulia juu, nyonga inalalamika. Angalau kwenda na kurudi inasawazisha. Alafu karibu na Kaole kwenyewe sio ufuo tena, ni mikoko na tope, utazama.

#38 Mwl_Kumbukumbu
Na hiyo mikoko ndo stori yenyewe ya Kaole. Ule ulikuwa mji wa bandari, misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, makaburi 22, likiwemo lenye nguzo ndefu. Leo ukisimama msikitini bahari iko mbali, katikati mikoko. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba mchanga na tope vilijaa, mikoko ikaota, majahazi yakashindwa kufika, watu wakahamia Bagamoyo.

#39 Mpwani_Halisi
Hayo ndo yanayosemwa na mwongozaji. Mi naona biashara ilihama kwanza, watu wakaondoka, bandari ikakosa wa kuihudumia ndo mikoko ikatawala. Bandari ngapi zina tope na watu wapo? Mikoko ilifuata, haikufukuza.

#40 Mzee_wa_Ngalawa
Mikoko haisubiri ruhusa ya biashara mwanangu. Nimeona mlango wa maji ukiziba mwenyewe na watu wapo wanatazama, mwaka huu unapita na ngalawa, miaka kumi mbele unapita kwa miguu.

#41 Mpwani_Halisi
Sawa mzee wangu, nimenyamaza kwa heshima sio kwa kukubali.

#42 Mchaga_Mkavu
Na kile kisima chenye maji matamu wakati bahari iko pale? Mi naona Raba_Mbovu anywe yale maji, wanasema yana baraka.

#43 Tepu_ya_Fundi
Mvua inazama mchangani, maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi yanakaa juu yake. Chimba kwa kiasi unapata matamu, zidisha unapata bahari. Wazee walijua kipimo.

#44 Dada_Kanga
Sisi tunajua ni baraka na kipimo pia, vyote viwili. Ila mbuyu hamjausema. Waongozaji wanasimulia ukiuzunguka mara moja unaongeza mwaka wa kuishi. Umri wake wanautaja miaka 500.

#45 Kiti_cha_Mbele
Sasa nimepata mazoezi. Naenda kupiga mizunguko 42, marathoni ya uzima.

#46 Raba_Mbovu
Mimi nikifika hapo huwa nauegemea tu, mzunguko mmoja siwezi, naona umri unapungua.

#47 Bint_Dunda
Hahaha shemeji. Hebu niulize, kabla ya kukimbia unakula nini ukweni?

#48 Raba_Mbovu
Asubuhi sili kitu. Ila usiku mama mkwe anapika wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mchicha wa nazi, na asipoona nimeongeza anauliza kama chakula kibaya. Nalala saa sita na tumbo kama mtungi.

#49 Nesi_Mkimbiaji
...

#50 Mpagazi_Mstaafu
KESI IMEKWISHA. Tui la nazi! Tumepigizana kelele za oksijeni na kaskazi kumbe jamaa anakimbia na sufuria tumboni.

#51 Bint_Dunda
Haijakwisha. Sisi tunakula nazi tangu kuzaliwa na tunakimbia.

#52 Dereva_wa_Vumbi
Dada wewe umezoea, si ndo ile ya Nesi ya siku 14? Labda na nazi ina siku 14 zake.

#53 Mswahili_Muscat
Salaam kutoka Oman. Nacheka mnavyolia na Bagamoyo, njooni Muscat mwezi wa sita, jotoridi linapita 40, tunakimbia kornishi ya Mutrah, barabara ya kando ya bahari, usiku baada ya Isha au kabla ya Alfajiri, hakuna muda mwingine. Upande mmoja bandari na majahazi upande mmoja milima myeusi na ngome ya Mreno juu, ukiwa umechoka unadhani uko Mombasa. Babu yangu alikuwa na duka Bagamoyo, ndo maana nimesoma uzi mpaka hapa. Ushauri wangu mmoja, lowesha kilemba au kofia maji kabla hujatoka. Jasho likikataa kukauka basi peleka ubaridi mwenyewe kichwani.

Mtaa wa India bado kuna ile milango ya misumari ya shaba?

#54 Dada_Kanga
Mingine ipo, mingine imeuzwa, mingine nyumba imeanguka na fremu imebaki imesimama peke yake. Kuna nyumba moja nikiipita asubuhi mti umeota ndani sebuleni na matawi yanatokea dirishani. Karibu sana nyumbani.

#55 Mswahili_Muscat
Inshallah.

#56 Mtu_wa_Mikindani
Na sisi kusini mnatusahau kila siku. Mikindani mpaka Mtwara mjini kama kilomita kumi, unaizunguka ghuba, boma la Wajerumani la 1895 liko mlimani, na Livingstone wenu huyo safari yake ya mwisho alipitia kwetu 1866. Kwaiyo alianzia kwetu akamalizia Bagamoyo. Na kuna kilima, Raba_Mbovu utajisikia nyumbani.

#57 Raba_Mbovu
Wakuu wote asanteni. Nipo njiani kwenda ukweni, tumelala Korogwe. Nimefanya hesabu ya mzee #35, kesho kutwa ni mwezi ishirini na tano. Mpango: naanzia mjini sio Misheni, naanza polepole, kofia nimelowesha, chumvi mfukoni, usiku nakula ugali. Nitaleta mrejesho.

#58 Kiti_cha_Mbele
Ugali ukweni pwani? Huyu kaka hatarudi.

#59 Raba_Mbovu
Mrejesho. Nimefika Kaole na kurudi bila boda!! Nimechoka lakini kawaida. Ufukweni maji yalikuwa yamepwa kweli, nimekimbia kipande na akina Dada Kanga, yule mzee wa Ngome nimempigia shikamoo ya mkupuo akacheka.

Tatizo nimebadilisha vitu sita kwa pamoja, sasa sijui kipi kimesaidia.

#60 Nesi_Mkimbiaji
Kuzoea bado, siku mbili hazitoshi. Ni chumvi.

#61 Mpagazi_Mstaafu
Kasi. Kaanza polepole kasema mwenyewe.

#62 Tepu_ya_Fundi
Kapunguza kilomita tatu. Ndo hivyo tu.

#63 Bint_Dunda
Na ugali ulikula kweli shemeji?

#64 Raba_Mbovu
Nilikula wali wa nazi sahani mbili.

#65 Dereva_wa_Vumbi
Nilipita pale Kaole saa mbili kasoro nikitafuta mteja nikakukosa. Mia tano yako nilikuwa nayo siku hiyo.